Nyota simbiotiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye mkeka wetu Kimbiji

Tukipata Jumamosi isiyo na mbalamwezi, sisi watu wachache wa Dar tunavuka na pantoni pale Magogoni, tunapanda gari hadi Kimbiji, tunatandika mkeka mahali ambapo taa za jiji zimebaki nyuma yetu. Tuna darubini moja ya kuazimana na chupa mbili za chai. Wageni huja kuona pete za Zohali. Mimi huja na nyota zangu simbiotiki, nazitaja hata kama hakuna aliyeniuliza, kisha maswali yananiandama mpaka alfajiri. Majibu ninayorudia kila mara nimeyaweka hapa.

Nyota simbiotiki ni kitu gani hasa?

Ni nyota mbili zinazozungukana, mmoja mzee na mwingine marehemu anayekataa kupoa. Mzee ni jitu jekundu: nyota iliyomaliza hidrojeni ya kiini chake, ikavimba mpaka kuwa pana kuliko Jua mara mia na zaidi, na uso wake ukabaki na joto la nyuzi elfu tatu na kitu. Marehemu, mara nyingi, ni kibete cheupe: kiini kilichobaki baada ya nyota nyingine kumaliza maisha yake. Kina ukubwa wa Dunia hivi, kina uzito unaokaribia wa Jua, na joto lake linaweza kufika nyuzi laki moja.

Kama hujanielewa, nenda mtaa wa Gerezani, pale jirani na Kariakoo, jioni. Simama mahali ambapo mama lishe ana jiko la mkaa na pembeni yake fundi anachomelea geti. Mkaa ni mwekundu, mpana, mpole. Ncha ya fundi ni ndogo kama punje, ni ya samawati, na ukiikodolea macho utajuta. Weka vitu hivyo viwili karibu, visogeze mbali mpaka uone nukta moja tu, hapo umepata picha ya nyota simbiotiki. Ongezea moshi: jitu linapumua gesi muda wote, kibete kinaidaka sehemu yake, na mwanga wake mkali unaifanya gesi iliyobaki ing'ae.

Kwa nini ziitwe simbiotiki? Kuna ushirika gani hapo?

Jina alilitoa mwanaastronomia Mmarekani Paul Merrill, miaka ya 1940, akiliazima kwa wanabaiolojia, ambao wanalitumia kwa viumbe wa aina mbili wanaoishi pamoja. Tangu 1932, yeye na Milton Humason walikuwa wameonyesha nyota kadhaa ambazo mwanga wake ulikuwa na alama za kitu baridi na za kitu cha moto kupita kiasi kwa wakati mmoja. Ilikuwa kama mtu mwenye alama za vidole za watu wawili.

Kwa maoni yangu jina limependezesha mambo. Kibete kinanyonya na jitu halipati chochote. Sisi tungesema kupe na ng'ombe, au kikulacho ki nguoni mwako. Lakini jina limeshakaa, tuliache.

Naweza kuiona moja kwa macho yangu nikiwa Dar?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kuna nyota inaitwa RS Ophiuchi, katika kundinyota la Hawaa, kaskazini kidogo ya Nge. Dar es Salaam iko kama nyuzi 6.8 kusini ya ikweta. RS Ophiuchi nayo iko nyuzi 6.7 kusini ya ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia. Maana yake kila siku inapita juu ya utosi wako, karibu kabisa, kama Jua linavyokunyang'anya kivuli mchana mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Katikati ya Agosti inafika utosini mnamo saa mbili na nusu usiku, wakati watu wengi wako mezani.

Siku za kawaida huioni kwa macho. Mng'ao wake ni wa 11 hivi, na kwenye kipimo hiki namba ikikua nyota inafifia. Jicho lenye afya kwenye kiza kizuri linaishia 6, na pale Kariakoo ukipata 3 ushukuru. Lakini RS Ophiuchi hulipuka. Imeonekana ikilipuka 1898, 1933, 1958, 1967, 1985, 2006 na 2021, na kila inapolipuka hupanda kwa siku moja mbili mpaka kufikia 5 au pungufu kidogo. Usiku wa tarehe 8 Agosti 2021 ilikuwa juu ya mapaa yetu mnamo saa tatu, imelipuka, na mimi nilikuwa sebuleni naangalia mpira. Habari nilizipata kesho yake, na kesho yake kulikuwa na mawingu.

Wanazitambuaje basi, kama zinaonekana nukta moja tu?

Kwa kuupasua mwanga. Jaribu mwenyewe. Chukua CD ya zamani, ile ya taarabu iliyokwaruzika itafaa. Usiku simama mbali kidogo na kibanda cha chipsi chenye taa ya tyubu, uishike CD chini ya jicho huku ukiiinamisha polepole mpaka taa ionekane pembeni mwake. Utaona mwanga umegawanyika vipande: mchirizi wa kijani peke yake, wa zambarau peke yake, na nafasi katikati yao. Hiyo ni zebaki iliyo ndani ya tyubu, inajitaja jina. Sasa geukia balbu ya zamani ya waya, kama bado unayo: upinde mzima, nyekundu mpaka zambarau, bila pengo. (Balbu za LED zitakuvuruga, ziache.)

Nyota simbiotiki ina vyote viwili katika nukta moja. Upande wa jitu unakuja upinde mzima unaoelemea kwenye wekundu, umechongwachongwa kama meno ya msumeno na oksidi ya titani, molekuli ambayo haivumilii joto kali. Juu yake, kama nguzo za taa mtaani, imesimama michirizi ya hidrojeni na heliamu, na pamoja nayo ya gesi zilizovuliwa elektroni kwa nguvu kubwa: oksijeni iliyopoteza mbili, heliamu iliyopoteza zote. Mchirizi wa heliamu hiyo uko kwenye nanomita 468.6 (nanomita, sehemu ya bilioni ya mita, ndiyo tunayopimia wimbi la kila rangi ya mwanga). Jitu la nyuzi elfu tatu haliwezi kuitengeneza hata kwa uchawi. Ukikuta titani na heliamu ya namna hiyo kwenye nukta moja, mle ndani wako wawili.

Kanuni iliyotumika kwenye orodha kubwa ya mwaka 2000, ya Belczyński na wenzake, ni hiyohiyo kwa lugha rasmi: lazima alama za jitu zionekane, lazima michirizi ya hidrojeni na heliamu iwepo, na lazima kuwe na gesi iliyovuliwa elektroni kwa nguvu ya elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) 35 au zaidi. Kama nyota imekamatwa ikiwa kwenye mlipuko, masharti yanalegezwa kidogo, kwa sababu kibete hujifunika blanketi la gesi kikajifanya nyota ya joto la wastani.

Ule mchirizi wa 682.5 mnaousifia una nini?

Kwa miongo kadhaa uliwatesa watu. Kwenye mwanga wa nyota nyingi simbiotiki kuna mchirizi mpana mwekundu kwenye nanomita 682.5, na mwenzake dhaifu kwenye 708.2, na haukulingana na kitu chochote kilichojulikana maabara. Mwaka 1989 mwanaastronomia Hans Martin Schmid akaeleza. Karibu na kibete kuna oksijeni iliyopoteza elektroni tano. Hiyo inatoa mwanga wa urujuanimno, ule uliopita zambarau na usioonekana kwa jicho, wa nanomita 103.2 na 103.8. Mwanga huo unaingia kwenye gesi ya hidrojeni iliyotulia kuzunguka jitu, hidrojeni inabaki na sehemu ya nishati, na kilichobaki kinatoka kikiwa chekundu.

Ni kama duka la kubadilishia fedha: umeingia na dola, umetoka na shilingi, na mwenye duka amebaki na chake. Uzuri wake ni kwamba duka hili linahitaji mambo mawili ambayo hayakai pamoja popote kirahisi: chanzo cha moto wa ajabu, na ghala kubwa la hidrojeni ambayo haijaguswa na moto huo. Kwa hiyo mchirizi huu ukionekana, mjadala karibu umekwisha. Usipoonekana, huna hoja ya kuikataa nyota, maana karibu nusu ya nyota simbiotiki hazina.

Mnazitafuta wapi kwenye mabilioni ya nyota?

Huwezi kupasua mwanga wa kila nyota kwa makini, kwa hiyo kuna mchujo. Kwanza wanapiga picha anga kwa kioo kinachopitisha mwanga wa hidrojeni tu, ule wa nanomita 656.3, wanalinganisha na picha ya kawaida. Nyota inayong'aa kupita kiasi kwenye picha ya kwanza ina gesi iliyowashwa. Sensa ya IPHAS ilifanya hivyo kwa ukanda wa kaskazini wa galaksi yetu, kwa darubini ya Isaac Newton yenye kioo cha mita 2.5 kisiwani La Palma. Kisha unachukua rangi za infraredi, mwanga uliopita wekundu ambao jicho haliuoni, kutoka sensa ya 2MASS, iliyofunga kazi 2001, kuona kama rangi zinalingana na za jitu jekundu.

Mchujo huo ulipofanyika, majina yaliyobaki yalikuwa zaidi ya 1,100. Waliopasuliwa mwanga wakathibitika ni wachache sana. Nawaambia hivyo wageni wanaodhani kompyuta inamaliza kazi. Kompyuta inakupa watuhumiwa. Kesi bado inasikilizwa mmoja mmoja. Siku hizi kuna data za chombo cha angani cha Gaia, ambacho mwaka 2022 kilitoa mwanga uliopasuliwa kwa ukali mdogo kwa nyota zaidi ya milioni mia mbili, na watu wanafundisha programu kuzipekua. Mtego umekuwa mkubwa zaidi, na takataka zinazonaswa pia.

Hazichanganywi na nyota nyingine?

Kila siku, na mimi ni ushahidi. Mwaka 2022 nilinunua bando la usiku, nikapakua data za wazi, nikachuja upande wa Nge, nikapata nyota nyekundu yenye hidrojeni inayong'aa vizuri. Sikulala. Asubuhi nilimtumia kila mtu. Kaka mmoja mzoefu alijibu kwa maneno matatu: "Heliamu iko wapi?" Haikuwepo. Ilikuwa nyota ya aina ya Mira, jitu linalovimba na kunywea kwa miezi, na mawimbi ya mshtuko ndani ya gesi yake huiwasha hidrojeni bila msaada wa mwenza yeyote. Tena ilikuwa imeorodheshwa kama Mira kabla mimi sijazaliwa. Mpaka leo mtu akijisifu mkekani, hata kwa kupata kazi mpya, wenzake wanamuuliza heliamu iko wapi.

Wadanganyifu wengine ni nyota changa zilizozingirwa na gesi, nyota za moto zenye mkanda wa gesi kiunoni, na hasa nebula za sayari, ambazo pamoja na jina lake hazihusiani na sayari hata kidogo: ni gesi iliyotupwa na nyota inayokufa. Hizi ni ngumu, kwa sababu nazo zina heliamu na oksijeni ya moto. Njia moja ni kulinganisha michirizi miwili ya oksijeni, wa 436.3 na wa 500.7. Gesi ikiwa nzito, kama ilivyo kwenye simbiotiki, ule wa 436.3 unapata nguvu kuliko ilivyozoeleka kwenye nebula.

Hata hivyo mpaka wenyewe una matope. Kuna kitu kinaitwa Kaa wa Kusini, Hen 2-104, ambacho darubini ya Hubble ilikipiga picha upya mwaka 2019: mapovu mawili ya gesi na miguu kama ya kaa wa kwenye mikoko. Ukiangalia kwa haraka utasema nebula ya sayari. Katikati yake wamo jitu na kibete.

S, D na D' ni nini?

Ni madaraja ya vumbi. Webster na Allen waliyaanzisha 1975, wakitumia infraredi. S ni zile ambazo kwenye infraredi unaona nyota tupu. Ndizo kama asilimia themanini ya zote, na wawili hao huzungukana kwa siku 200 mpaka 1,000 hivi. D zina vumbi lenye joto la mamia ya nyuzi mpaka elfu moja, jitu lake kwa kawaida ni Mira, na wenza wako mbali sana mmoja na mwenzake kiasi kwamba mzunguko mmoja unachukua miongo. R Aquarii ni mfano mzuri: jitu linapwita kila siku 387, mzunguko unachukua zaidi ya miaka arobaini, na kibete kinarusha mikondo ya gesi pande mbili. D', aliyoiongeza Allen mwaka 1982, ni chache: vumbi ni la baridi zaidi na nyota kubwa ni ya manjano.

Mimi naona swali la vumbi linajibu jambo dogo kuliko swali la tumbo: kibete kinafanya nini na chakula? Vingi hupika hidrojeni usoni muda wote, ndiyo maana vinang'aa na ndiyo maana tunaviona. Vingine vinakusanya bila kupika. Vinanyamaza, na mwanga wao unamezwa na wa jitu. SU Lyncis ilionekana kama jitu jekundu la kawaida mpaka miali yake ya eksirei ilipoisaliti; utafiti wake ulitoka 2016. Hebu fikiria ziko ngapi za namna hiyo. Na kuna chache ambazo mla ni nyota ya nyutroni, mabaki madogo na mazito zaidi ya nyota, badala ya kibete, mfano GX 1+4.

Ziko ngapi kwenye galaksi yetu?

Orodha ya Akras na wenzake ya mwaka 2019 ilihesabu 257 zilizothibitishwa ndani ya galaksi yetu. Makadirio ya zilizopo yanaanzia 3,000, ya Allen mwaka 1984, hadi 400,000. Ndiyo, umesoma sawa. Makisio yanayopishana zaidi ya mara mia ni dalili kwamba tumehesabu waliokaa mlangoni tu. Vumbi la galaksi linaficha nyingi, na zile zilizonyamaza zinajificha zenyewe.

Zitalipuka zikatudhuru?

Hapana. Ziko mbali mno. Lakini swali lenyewe si la kitoto. Kibete kikilishwa mpaka kukaribia uzito wa Jua moja na nusu kasoro kidogo, mpaka alioukokotoa mwanafizikia Chandrasekhar, kinaweza kulipuka chote, na milipuko ya aina hiyo ndiyo inayotumika kupima umbali wa galaksi za mbali. Kama nyota simbiotiki huchangia sehemu kubwa ya milipuko hiyo au ndogo bado wanabishana, na hesabu ya ziko ngapi ndiyo inayohitajika kumaliza ubishi.

Milipuko midogo ya uso, ile ya nova, kibete kinaivuka salama. Nyota simbiotiki zinazorudia kulipuka hivyo na kujulikana kwenye galaksi yetu ni nne: RS Ophiuchi, T Coronae Borealis, V3890 Sagittarii na V745 Scorpii. T Coronae Borealis ililipuka 1866 na 1946, na tangu 2024 wanaastronomia wamekaa mkao wa kula. Magazeti ya nje yanasema itang'aa kama Nyota ya Kaskazini, maelezo yasiyomsaidia mtu wa Dar, maana nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo. Wewe Julai, mapema usiku, tazama kaskazini, juu zaidi ya nusu ya njia ya kufika utosini. Kuna nusu duara ndogo ya nyota, Kasi ya Masakini. Iliyong'aa kuliko zote mle ni Alphecca. Ikitokea nyingine ya kushindana nayo, piga simu hata kama ni saa nane.

Afrika tunashiriki au tunasoma habari tu?

Tunashiriki. Sutherland, Afrika Kusini, kuna SALT, darubini yenye kioo cha vipande 91, na imethibitisha nyota simbiotiki za anga la kusini. Namibia kuna darubini za H.E.S.S., ambazo mlipuko ule wa RS Ophiuchi wa 2021 zilinasa miali yake ya gama, matokeo yakachapishwa 2022. Pale Sutherland pia kuna kamera za ASAS-SN zinazopekua anga zima kutafuta kilichobadilika.

Sina darubini. Nianzie wapi?

Azima darubini ya macho mawili, ile ya watu wa mbugani. Chagua R Aquarii: ikiwa kwenye kilele chake inafika mng'ao wa 6 hivi, na Novemba mapema usiku iko juu sana kwetu. Kila baada ya wiki mbili ilinganishe na nyota mbili za jirani ambazo hazibadiliki, andika namba, tarehe na saa. Taarifa za namna hiyo zinapokelewa na AAVSO, shirika la watazamaji lililoanzishwa 1911, bila kukuuliza cheti. Usipoiona, andika pia kwamba hukuiona, na mng'ao wa nyota dhaifu kuliko zote uliyoiona usiku huo. Wengi wanaona aibu kuandika hivyo. Mimi ningekuwa na mazoea hayo Agosti 2021, ningekuwa nje.